Gari la spoti lililojengwa kama boti, na jinsi tulivyolipatia plaque ya namba hapa Uvira

Chwaaa.

Kisha kimya kidogo. Kisha chwaaa tena, inarudi nyuma.

Wakuu, hiyo sauti mpaka leo ninayo. Naweza kuwa natwanga sombe zangu, majani ya muhogo, uani, ikanijia tu kichwani, nikaanza kucheka peke yangu. Ni sauti ya maji yanayotembea ndani ya gari. Sisemi gari lililo ndani ya maji, hayo tumeyazoea tangu ziwa lilipopanda likala nyumba za pwani. Nasema maji ndani ya gari, gari likiwa nchi kavu kabisa, mbele ya inspekta wa serikali.

Salamu kwenu wote kutoka Kilibula, Uvira. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nasoma nyuzi zenu nacheka, sichangii. Leo nimepata moyo. Shule niliiachia katikati ya secondaire, kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kimemwagikiwa Kifaransa mnisamehe, ndivyo tunavyoongea. Ninachowaahidi ni kwamba sitatia chumvi. Mambo yenyewe yalikuja na chumvi yake.

Twende.

Nina kaka yangu mkubwa, yaya Kashindi. Ninyi wa Dar na Nairobi msinichanganye, kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, si mtu wa kulea watoto. Huyu hata kujilea mwenyewe ilikuwa shida.

Kazi yake tangu ujana ni kuziba maboti ya fibre. Kwa wasioishi ziwani: ni kitambaa cha nyuzi za kioo, unakilowesha gundi inayoitwa rezini, kikikauka kinakuwa kigumu kama jiwe. Boti ikigonga mwamba ikapasuka, wanamletea yaya. Anakwangua, anabandika, anapiga msasa. Mwisho anafumba macho na kupapasa boti nzima kwa kiganja, taratibu, kama daktari anayetafuta panapouma. Akikuta tundu la kupitisha sindano anakasirika kama mtu katukana mama yake.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nakata kitambaa, nachanganya rezini, nawashwa mwili mzima mpaka Jumapili kanisani najikuna. Zamani tulifanyia kazi ufukweni. Ziwa lilipochukua kibanda chetu tukahamishia kila kitu nyumbani, kwenye parcelle, yaani kiwanja, ya papa, baba yetu. Papa hakufurahi, lakini alikubali. Maboti yanakuja na kuondoka, alisema.

Kisha likaja lisiloondoka.

Kuna mzee wa Bujumbura alileta boti yake kuzibwa. Katika maongezi akatuambia kwamba nyumbani kwake ana sanduku kubwa, ndani yake gari la spoti ambalo halijajengwa. Kit. Aliiagiza Ulaya enzi zake, akisema nitakapostaafu nitaijenga mwenyewe, bomba kwa bomba. Akastaafu kweli. Mgongo ukakataa.

Yaya akaniangalia. Mimi nilikuwa tayari nimeacha kuchanganya rezini, imeganda ndoo nzima.

Tangu nikiwa mdogo, wakuu, mimi ni mtu wa magari mafupi. Yale ya chini, yasiyo na paa, pua ndefu, ambayo ukipanda nywele zote zinaenda nyuma. Sijawahi kuliona hata moja kwa macho. Nilikuwa nayachora tu kwenye vumbi.

Wakakubaliana: yaya anamzibia boti bure, mzee anatupa sanduku.

Tulipolifungua tulikuta fremu ya mabomba, magurudumu, usukani, kioo cha mbele na kitabu cha maelezo cha Kiingereza ambacho hatukujua kukisoma, tuliangalia picha. Bodi, yaani ngozi yenyewe ya gari, ilikuwa imevunjika vipande vipande kwa kukaliwa na mizigo. Mtu mwingine angelia. Yaya alifurahi.

"Feza, hii ni fibre," akaniambia. "Hii ni kazi yetu."

Ndiyo tukaanza. Injini tulitoa kwenye teksi iliyogongwa. Bodi tuliijenga upya juu ya fremu, kitambaa baada ya kitambaa, kila tulipopumzika na maboti ya watu. Na hapo ndipo yaya alifanya kitu ambacho nadhani ni mtu wa Uvira peke yake angekifanya. Alilijenga gari lile kama boti. Kila kiungo alikiziba, kila kona akaibandika mara mbili. Sakafu ikawa kipande kimoja na kuta. Alipomaliza alifumba macho akalipapasa lote, akatabasamu.

Rangi nilichagua mimi. Njano ya embe lililoiva.

Majirani walikuwa wanapita kwenye ua wa matete wanachungulia. "Kashindi, pirogue yako itashuka ziwani lini?" "Kashindi, ukipata samaki usitusahau!" Yaya anajibu, "Nyie chekeni, siku yake mutaomba lift." Na mimi ndani ya bodi tupu nimekaa, nashika usukani ambao haujaunganishwa na chochote, naendesha mpaka Bukavu na kurudi.

Nilikuwa na furaha sana siku zile. Sikujua kama ni furaha, nilidhani ni maisha ya kawaida tu.

Kisha simu ikalia kutoka Kigoma. Karakana moja ya maboti kule ilikuwa imesikia habari za mikono ya yaya. Walimtaka, na walimtaka haraka, mwisho wa mwezi. Kazi ya kudumu, chumba juu yake. Nani angekataa?

Jioni papa akatoka nje, akasimama mbele ya gari. Papa ni mtu wa maneno machache, na yote yana miiba.

"Kashindi. Siku ile unavuka mpaka pale Kavimvira, hii kitu nayo inatoka mu parcelle yangu."

"Papa, si nitamuachia Feza..."

"Utamuachia nini? Haina plaque, haina karatasi. Haiwezi hata kufika kwa barabara, polisi wataikamata. Mimi nitabaki nachunga nyumba ya kuku? Itoke na plaque, itembee kama gari za watu. Ao itoke vipande, iende kwa wale ba ferraille wa vyuma chakavu. Weye chagua."

Akaingia ndani. Tulijua hatanii. Papa akishasema mbele ya mama amesema.

Usingizi wangu ukaisha hapo. Nilikuwa nampoteza yaya, sawa, ni kazi, ni maisha. Lakini na gari pia, kwa mara moja?

Tukaenda ofisi ya usafirishaji. Mkubwa wa pale, mtu mnene mpole, akachukua kalamu.

"Marque ya gari?"

"Haina, chef," yaya akasema. "Tulitengeneza sisi wenyewe."

"Nyinyi nani?"

"Minye na mudogo yangu huyu."

Akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kwenye kucha zangu zilizoganda rezini. "Weye, maman, unajua kutengeneza gari?"

"Najua kukoroga, chef."

Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Lakini alitusaidia, Mungu ambariki. Alituambia inawezekana kabisa, kwenye nafasi ya marque, yaani jina la kampuni, wataandika artisanale, maana yake imetengenezwa kwa mikono. Ila lazima namba ipigwe kwenye chuma cha fremu, lazima taa, mikanda, vioo vya pembeni, honi, breki, na lazima inspekta wa ufundi alikague. Inspekta alikuwa ameshuka kutoka Bukavu kwa kazi yake, na karibu atapanda kurudi. Akishapanda, kumsubiri ni mpaka Mungu apende.

Tukahangaika. Honi tuliitoa kwenye pikipiki, ukibonyeza inalia kama kifaranga. Vioo vya pembeni kimoja kilitoka kwenye teksi ileile, kingine sitasema. Nilikuwa napiga rangi nyekundu kwenye namba ya fremu ili isomeke, na yaya analala chini ya gari anakaza, anaimba nyimbo za kanisa kwa maneno aliyoyasahau nusu.

Siku ya ukaguzi tukalisukuma mpaka uwanjani kwa mkono, maana kuliendesha ilikuwa bado kosa. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya malori.

Na mvua ikashuka kutoka milimani.

Mnazijua mvua zetu? Hazianzi, zinaanguka. Watu wote tukakimbilia chini ya kibaraza cha ofisi. Gari letu halina paa, likabaki pale katikati linanyeshewa. Hatukuwaza kitu. Yaya alikuwa hata anajivunia. "Ona rangi inavyong'aa," anasema. "Ona maji yanavyoteleza juu ya boneti."

Yanateleza yanaenda wapi? Hakuna aliyeuliza.

Mvua ikakatika, zamu yetu ikafika. Inspekta akatoka na viatu vyake vya kahawia vilivyopigwa dawa mpaka unajiona. Yaya akapanda garini. Wakuu, alikaa ndani ya maji mpaka kiunoni na hakushtuka! Mtu amezoea ziwa tangu utoto, aliona ni sawa tu. Mimi nilikuwa upande wa pili, sikuona.

"Njoo pole pole," inspekta akasema, akasimama ubavuni. "Nikiinua mukono, funga breki yote."

Yaya akaja. Mkono ukainuka. Breki zikashika, na zilishika vizuri kweli, gari likasimama paap.

Maji hayakusimama.

Chwaaa, yote yakaja mbele kwa pamoja, yakagonga dashibodi, yakapanda, yakamwagika juu ya ubavu mfupi wa gari moja kwa moja kwenye viatu vya inspekta. Kisha kimya. Kisha chwaaa, yaliyobaki yakarudi nyuma.

Madereva wa malori walilala chini. Simaanishi walicheka, namaanisha walilala chini.

Inspekta akainua mguu mmoja, akaumwaga. "Monsieur," akauliza taratibu, "hii ni gari ao ni beseni?"

Na yaya wangu, amelowa mpaka kifuani, uso umejaa heshima, akajibu, "Chef, si umejionea mwenyewe? Haivuji hata tone."

Nilimuona inspekta anauma midomo asicheke. "Ndiyo ubaya wake sasa," akasema. Akatueleza kama mwalimu. Breki nzuri, taa nzuri, kazi ya mikono nzuri. Lakini maji yakikaa ndani yanaunguza nyaya, na kwenye kona yanahamia upande mmoja yanalibinua gari. Boti inazuia maji ya nje yasiingie. Gari lisilo na paa linatakiwa kuyaacha ya ndani yatoke. "Toboeni sakafu. Mashimo, chini ya miguu na nyuma, yabaki wazi. Nikiwa bado sijapanda Bukavu, murudi."

Mtasema, si rahisi tu? Dakika chache na perceuse, ile mashine ya kutoboa, mmemaliza?

Hamumjui yaya.

Nyumbani alikaa kwenye tairi kuukuu akaangalia ile sakafu. Nikamletea mashine. Hakuishika.

"Tuweke kizibo," akasema. "Kama boti. Mvua ikinyesha, unafungua."

"Alisema yabaki wazi, yaya."

"Feza. Mimi maisha yangu yote naziba. Watu wanaingia ziwani na watoto wao juu ya mukono wangu. Tundu moja dogo, weye unajua linafanya nini. Sijawahi kutoboa kitu nilichokiziba. Siwezi."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake. Hakuwa anafanya mchezo.

Papa alikuwa mlangoni anasikiliza. Nilidhani atatupa mwiba wake. Akageuka, akarudi ndani.

Mwishowe yaya akachukua kipande cha chaki, akapiga alama chini ya miguu ya dereva, chini ya miguu ya abiria, na nyuma pande mbili. Akapima kwa kiganja ili asikute bomba la fremu. Akanipa ile mashine mkononi.

"Toboa weye."

Akatoka nje ya ua, akasimama barabarani, mgongo kwetu.

Nilianza. Fibre ikitobolewa inalia vibaya, kama mbuzi. Kila nikisimama nasikia sauti yake nje ya matete:

"Umemaliza?"

"Bado, yaya."

"Shimo lisiwe kubwa!"

"Si kubwa."

"Ulambishe rezini kwa ukingo, lisije likapasuka!"

"Ndiyo, yaya."

Natoboa tena. Halafu, "Umemaliza?"

Nilipomaliza aliingia, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila shimo. Akaniambia, "Umetoboa vizuri." Basi. Sijawahi kupewa diploma na mtu, lakini hiyo nahesabu.

Tuliporudi uwanjani, inspekta alitupokea na ndoo ya maji. Akasogea nyuma kwanza, kisha akaimwaga yote ndani ya gari kwa mkono wake mwenyewe, akainama. Maji yakatoka chini yakiimba. "Voilà," akasema, "sasa mumenijengea gari."

Plaque tuliifunga palepale uwanjani. Yaya aliishikilia, nikashika mimi bisibisi.

Zilibaki siku chache sana kabla ya safari yake. Jumamosi tukasema twende Runingu kwa mama mdogo, dada yake mama, anayelima mpunga huko. Yaya anaendesha, mimi pembeni, kitambaa changu cha kichwa kiliruka tukiwa hatujatoka hata mtaa wa Kavimvira na hatukurudi kukitafuta.

Wakuu, niwaelezeje? Uwanda wote wa Ruzizi uko wazi mbele yako, milima kushoto, na wewe uko chini karibu na barabara kiasi kwamba baiskeli ya mtu mwenye gunia la mkaa inakupita kwa urefu. Watu wanasimamisha majembe shambani. Wachunga ng'ombe wanapiga miluzi. Yaya anabonyeza honi yake ya kifaranga kwa kila anayepunga mkono, na wote walikuwa wanapunga.

Tukafika kwenye barrière. Polisi pale akatuona, akashangaa mdomo wazi, akatufungulia tupite. Tukapita.

Mbele kidogo yaya akapunguza mwendo. Uso umeanguka.

"Hakuomba karatasi."

"Si vizuri?"

"Feza, hakuomba karatasi!"

Akageuza gari. Nawaapia. Akarudi mpaka barrière, akasimama mbele ya polisi.

"Chef, hautuulizi karatasi?"

Polisi akamwangalia. "Muko na shida gani?"

"Hatuko na shida. Tuko na karatasi."

Yule bwana akaelewa, sijui aliona nini kwenye uso wa kaka yangu. Akavaa kofia yake vizuri, akapiga saluti, akazisoma zote moja baada ya nyingine kwa sauti, hata mahali palipoandikwa artisanale. Akamrudishia. "Bon voyage, constructeur." Safari njema, mtengeneza magari.

Yaya aliendesha mpaka Runingu karatasi zile zikiwa mapajani.

Mama mdogo alilizunguka gari mara mbili mikono kiunoni. "Kichwa chake mulikiacha wapi? Mulinunua ya nusu?" Lakini alipopanda kuzungushwa kijijini alikataa kushuka. Alitupakia mchele na ndizi mpaka mimi nikarudi Uvira nimekaa juu ya mkungu. Na tulipofika, papa alikuwa nje anangoja. Akaisoma plaque kwa kidole. Akasema, "Ibaki pale upande wa jikoni, panapita kivuli." Kwa papa hiyo ni hotuba.

Sehemu iliyobaki ni fupi na kabla sijaifikia niseme nilichopata kwenye jambo hili. Moja ni la kawaida: mkitengeneza kitu chenu cha barabarani, muende ofisini mapema na museme ukweli, kuna watu wema kule kuliko tunavyoogopa. La pili nimechelewa kulielewa. Mtu akikupa kazi ya mikono yake uitoboe, na yeye akageuka asione, hapo amekupenda kadiri anavyojua. Usisubiri akwambie kwa mdomo.

Ninyi wengine mmewahi kujenga kitu gani na ndugu, kikabaki na mmoja? Liwe gari, redio, hata banda la sungura. Nitasoma zote. Na mlio Kigoma, mkimkuta fundi mrefu anapapasa boti akiwa amefumba macho, mwambieni Feza anasema mashimo bado yako wazi.

Asubuhi ya safari aliendesha yeye mwenyewe mpaka Kavimvira, pale mpakani. Wabadilisha pesa wakatuzunguka wanapiga kelele, wengine wanataka kupigwa picha na gari. Akatoa begi lake. Akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa gari kuanzia pua mpaka nyuma, watu wote wanamwangalia. Akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Akaenda. Yeye si mtu wa kugeuka nyuma, na hakugeuka.

Nilisimama mpaka sikumuona tena kati ya mizigo ya watu.

Kisha nikaingia upande wa usukani. Permis ya kuendesha ninayo, ila kwenye gari hili nilikuwa sijawahi kukaa upande huo tangu lipate uhai. Nikanyoosha mguu. Haukufika. Yaya ana miguu mirefu, kiti alikifunga nyuma kabisa kwenye reli, kwa boliti.

Nikashuka, nikachukua clé treize, spana ya kumi na tatu, kwenye mfuko wa zana, nikalala kwa tumbo juu ya sakafu. Nikalegeza boliti moja baada ya nyingine, nikavuta kiti mbele mpaka mguu ukakanyaga breki, nikakaza.